Bibi Arusi Mwenye Ndevu

Bwana Crowhurst alikuja bondeni kwetu, huku Welisi, kupima vichwa. Alikuwa daktari kutoka Uingereza, mrefu, mpole, mwenye mafua yasiyokwisha. Sandukuni mwake mlikuwa na koleo la chuma lenye miguu miwili iliyopinda kama pembe za ng'ombe. Alilibana kichwani mwa mtu, kwanza paji hadi kisogo, kisha sikio hadi sikio, akasoma namba, akatazama macho na nywele, akapiga chafya, akaandika. Alisema anawatafuta Wakelti halisi, wale wa damu kongwe waliokuwa hapa kabla babu zake Waingereza hawajateremka kutoka mashua zao upande wa mashariki.

Sisi hatukujua kwamba sisi ni Wakelti. Tulijua sisi ni Wawelisi, na ng'ambo ya vilima kuna Waingereza, na bonde la pili kuna wezi wa kondoo.

"Mkelti ndiyo nini?" mke wa mhunzi aliuliza. "Ni ugonjwa?"

"Ni wewe, mama," Jabez alimjibu.

"Tangu lini?"

Jabez Tuplin ndiye aliyekuwa akimbebea daktari sanduku na kumtafsiria. Alikuwa Mwingereza wa nyanda za mashariki, huko ambako ardhi imelala kama meza. Alikuja kwetu na ujenzi wa reli, reli ilipokwisha akabaki kwa mhunzi Dafydd, akigonga viatu vya farasi. Alikuwa na ndevu za rangi ya majani makavu na Kiwelisi kizuri, ila alikisema kwa sauti kubwa kana kwamba sote ni viziwi.

Alikuwa ameniposa. Baba alikuwa amekataa.

"Kijana hana kasoro," Baba aliniambia. "Ana mikono ya kazi, halewi, na kanisani anaimba besi mpaka madirisha yanatikisika. Lakini damu, Lowri! Damu ya Kiingereza haijawahi kuingia katika nyumba hii."

Mbele ya Baba maneno yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Yeye alikuwa Ithel Hopcyn, mshairi wa kwanza bondeni, mtu aliyeweza kukutukana kwa vina ukashukuru. Mimi nilikoroga mchuzi, nikaenda kulia zizini, ambako kondoo hawaulizi kitu.

Baba aliposikia kuna chuma kinachoweza kumtenga Mkelti na Mwingereza, alifurahi kama aliyeletewa shahidi kutoka mbinguni. "Mleteni hapa," akasema. "Apime kichwa changu na apime cha huyo Tuplin, mbele ya watu. Kichwa kiseme, na habari ya posa iishe."

Basi wakaja. Jikoni palijaa. Mhunzi Dafydd alikuja na mkewe, Twm fundi cherehani alikuja na pipa la vicheko lililo tumboni mwake, na Bibi, mama yake Baba, alikuwa kwenye kiti chake karibu na moto akifuma soksi. Baba aliketi katikati, amenyoosha shingo. Kwa kuwa daktari alihitaji kichwa kitulie, Jabez aliambiwa akishike. Hivyo mchumba wangu alisimama nyuma ya baba yangu, amemshika masikio yote mawili.

"Usibane," Baba alinong'ona.

"Sibani, mzee. Ni mkubwa tu."

Daktari alipima. Akapima tena. Uso wake ukang'aa hata mafua yakakoma kwa muda. Akasema maneno mengi, na Jabez akatafsiri kwa unyonge: "Anasema amezunguka Welisi nzima, hajaona kichwa kama hiki. Kisogo hiki, anasema, ndicho kisogo chenyewe. Anasema hiki ni kichwa cha Mkelti asiyechanganyika."

"Rudia," Baba alisema. "Mama hakusikia vizuri."

"Nimesikia," Bibi alisema.

Kisha akapimwa Jabez, akishikwa masikio na Baba, ambaye alibana. Daktari aliangalia koleo, akaliangalia tena, akalifuta kwa leso.

"Vipi?" Baba aliuliza. "Tofauti ni kubwa mno?"

"Anasema ni unene wa ukucha," Jabez alisema. "Wa mtoto."

Watu wakacheka. Baba akawanyamazisha kwa mkono. "Chuma kimepata baridi. Mwambie sasa aniulize habari za wazee wangu, maana hapo ndipo penye ushahidi." Na bila kungoja kuulizwa akasimama, akaanza ule wimbo wa ukoo ambao kila mwanamume wa nyumba yetu hufundishwa kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu. "Mimi ni Ithel mwana wa Siencyn, mwana wa Hopcyn, mwana wa Madog, mwana wa Gruffudd, mwana wa Cadwgan!" Alikwenda mpaka kwa babu wa tisa, na hakupumua. Hakuna Mwingereza aliyejitokeza hata mmoja.

Daktari alipiga makofi. Kisha akauliza jambo dogo.

"Anasema, vizuri sana," Jabez alitafsiri. "Na mama zao?"

"Mama zao nani?"

"Mama zao hao. Siencyn alizaliwa na nani?"

Wimbo wa ukoo hauna wanawake. Hajawahi mtu kuutunga upande huo. "Na… wanawake wema wa bondeni," akasema.

Bibi aliweka soksi magotini. "Siencyn mume wangu alizaliwa na Tabitha," alisema. "Nimekaa naye jiko moja mpaka alipokufa. Tabitha wa Northampton, kule Uingereza."

Baba akaketi tena.

"Mama," Baba alisema.

"Nimeulizwa. Si wote walikuwa waswagaji wa ng'ombe, wazee wako? Kila vuli waliwaswaga ng'ombe kwenda minada ya Uingereza, wakauza. Na kijana akiwa mbali na kwao, mkoba umejaa, unafikiri atarudi na nini? Hopcyn alirudi na Tabitha. Madog alirudi na Keturah, binti wa muuza chumvi. Tabitha ndiye aliyeniambia, na yeye aliambiwa na Keturah mwenyewe, maana sisi wakwe tuna wimbo wetu, tunauimba tukimenya vitunguu. Gruffudd alirudi na dada wawili, akaoa mmoja, mwingine akaolewa kwenu, Dafydd."

"Kwetu?" mhunzi alishtuka.

"Na kisogo hicho anachokisifu bwana huyu," Bibi aliendelea, akiokota soksi yake, "kisogo hicho ni cha Tabitha. Alikuwa hawezi kuvaa kofia yoyote ya duka."

Jabez alitafsiri yote, na siwezi kusema aliacha neno. Daktari alishika kalamu hewani. Alionekana kama mtu aliyenunua farasi akamkuta ni ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe ana maziwa. Mwishowe akacheka, akapiga chafya tatu.

"Anasema," Jabez alisema polepole, "kama sote tungefunika nyuso na kufunga midomo, asingejua nani ni nani. Anasema huenda Mkelti yuko zaidi katika mdomo kuliko katika kisogo."

Twm fundi cherehani ndiye aliyeharibu. "Ithel," alisema, "kumbe wewe ndiwe Mwingereza tuliyekuwa tukimkimbia!"

Baba alichukua kofia yake, akatoka, akapanda mlimani kwa kondoo.

Alirudi kesho yake jioni, ndevu zimeloa ukungu, akatuita mimi na Bibi na Jabez. Nilijua amekwenda kutafuta mlango wa kutokea, maana mshairi hashindwi hivihivi. Na kweli alikuwa ameupata.

"Mama, wanawake hao wa Kiingereza waliingiaje nyumba hii?"

"Kwa mlango."

"Waliingia kama maharusi. Walichukuliwa kwao, wakaja kuishi hapa, wakafundishwa lugha na kukamua. Hakuna Mwingereza aliyewahi kuja akamtoa binti wetu. Kwa hiyo mila ya nyumba hii iko wazi: Mwingereza huingia hapa kama bibi arusi. Tuplin akitaka kuingia, aingie kama bibi arusi. Afichwe, avalishwe, mlango ufungwe, Lowri aende na wapanda farasi kumwomba, kama mume anavyomwomba mke. Hataki, basi."

Akakunja mikono. Alikuwa na hakika. Ni mwanamume gani angekubali kichekesho kile mbele ya bonde zima? Mimi nilitazama sakafu.

Jabez alikuna ndevu. "Nitavaa nguo ya nani?" akauliza.

Bibi alicheka mpaka soksi ikaanguka motoni.

Palibaki tatizo moja. Mila inataka nyumba ya bibi arusi iwe na mtu ndani wa kuwakatalia waombaji kwa mashairi, beti kwa beti, mlango ukiwa umefungwa. Waombaji wakikosa jibu hurudi nyumbani, na arusi husubiri mpaka Jumamosi nyingine. Kuna mabibi arusi waliosubiri hivyo mpaka bwana akapoa. Jabez hakuwa na ndugu upande huu wa nchi. Nani angesimama kwa niaba yake?

"Mimi," Baba alisema. "Kumkatalia mtu nina mazoezi."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa mhunzi, farasi zaidi ya kumi, pumzi zao zikitoka kama moshi. Mimi nilikuwa mbele, juu ya farasi wetu wa kulimia, na pembeni yangu Twm fundi cherehani, mshenga wangu, ameshika fimbo yenye utepe. Bonde zima lilikuja kutazama. Bwana Crowhurst alikuja pia, ameazimwa skafu mbili. Twm alibisha hodi. Kutoka ndani sauti ya Baba ikajibu, tamu na yenye sumu:

*Nani huyo mlangoni*
*asubuhi ya baridi?*
*Bibi arusi wa ndani*
*kutoka amekaidi.*

Twm alimjibu vizuri. Baba akamrudishia kuhusu cherehani yake. Twm akajibu kuhusu kondoo wa Baba. Baba akarudi kuhusu mke wa Twm, na hapo watu wakacheka hata Twm mwenyewe akacheka, na kicheko kikamnyang'anya mashairi yote. Akatafuta, akakohoa. Hakuna kitu.

"Mmekwisha?" Baba aliita. Kisha, kwa kutuzika, akatoa huu:

*Damu yenu ni ya huku,*
*ya huyu yatoka mbali;*
*bata hamzai kuku,*
*na hilo halina swali.*

Niliusikia mchezo ukiwa si mchezo tena. Twm aliniangalia kwa macho ya mtu anayeomba radhi. "Binti yangu," alinong'ona, "mimi nimekauka. Jumamosi ijayo, labda…"

Farasi alitikisa kichwa. Mhunzi Dafydd, ambaye alipaswa kuwa upande wa Baba, alichungulia dirishani akanifanyia ishara kwa mdomo: sema, sema. Nikateremka, nikauendea mlango, nikaweka midomo karibu na ufa wa mbao, maana kwa sauti kubwa nisingeweza. Nilidhani nitamwambia yeye peke yake. Lakini kulikuwa kimya sana, na kila mtu alisikia:

*Tabitha angefungiwa*
*mlango wetu zamani,*
*wewe usingezaliwa*
*kunijibu humo ndani.*

Nilihesabu kwamba sasa nimemtukana baba yangu mbele ya watu. Nyuma yangu mtu alipiga chafya.

Komeo likavutwa. Baba alisimama mlangoni, ananitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimezaliwa na wakunga wamemwambia ni mtoto wa kike.

"Mstari wa pili unachechemea," alisema.

"Hauchechemei, Baba."

Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Akahesabu tena kwa mkono mwingine. "Hauchechemei," akakubali, akasogea pembeni. "Ingia, umtafute."

Karibu na moto walikaa bibi vizee watatu wamejifunika shali mpaka machoni, na kofia ndefu nyeusi vichwani. Mmoja alikuwa anafuma soksi. Mmoja alikuwa mke wa mhunzi, anajizuia kucheka. Wa tatu alikuwa na mabega ya kujaza dirisha, ndevu za rangi ya majani makavu zinachungulia chini ya shali, na mapajani amempakata mtoto mchanga wa mhunzi, aliyekuwa amemkojolea.

"Nimekaa hivi tangu alfajiri," kizee huyo alinong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka mtoni. "Lowri, fanya haraka."

Nikamshika mkono, nikamtoa. Mila inataka bibi arusi apakiwe nyuma ya farasi na akimbizwe kanisani, na watu wa kwao wamfukuze ili wamrudishe. Jabez, ambaye maisha yake yote alikuwa chini ya farasi na si juu, alinikumbatia kiunoni, akafumba macho, sketi ya Bibi ikipepea nyuma yetu. Niligonga farasi ubavuni, tukaruka.

"Mwivi!" Baba alikuwa tayari juu ya farasi wake, anapiga kelele kwa furaha isiyofichika. "Mrudishe! Mrudishe binti yangu mwenye ndevu!"

Farasi wa Baba ndiye mwepesi kuliko wote bondeni, na wetu wa kulimia hukimbia kama mtu anayebeba kabati. Tulipita kinu, tukapita daraja, tukapanda kilima cha kanisa, nami nikisikia kwato nyuma yetu njia nzima. Hakutufikia.