Kituo cha Mita Tano

Jana usiku nililala nikiwa mfumaji wa masweta hapa Tukuyu, nikaota nimezama kwenye bahari ya Karibi na sweta mwilini. Naeleza kama ilivyokuwa. Atakayecheka na acheke, mimi mwenyewe nimeshacheka.

Ndoto ilianzia kazini. Nimekaa kwenye mashine yangu, mvua inanyesha kama kawaida ya mvua ya Tukuyu, yaani kama imeajiriwa. Ninafuma sweta la mteja mwenye mikono minane. Nimemaliza mikono mitano na wala sishangai, nimewahi kupata wateja wagumu kuliko huyo. Uzi unaisha. Nainama kufungua droo ya chini nichukue mwingine, na ndani ya droo kuna ufukwe.

Mchanga mweupe, jua kali, na maji ya buluu ile ambayo ukiifuma kwenye sweta la shule mwalimu mkuu anakurudishia. Nikapandisha sketi nikaingia ndani ya droo. Ningefanya nini?

Mwisho wa gati amekaa mwari, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo. Amevaa kofia ya sare.

"Pasipoti," akasema.

"Sina."

"Nilijua. Kadi ya mpiga kura?"

Nikampa kadi ya kliniki ya mama, ndiyo iliyokuwa mfukoni. Akaitupa kwenye ule mfuko wake, akaimeza, akasema inatosha.

"Madhumuni ya safari?"

"Nimekuja kumsindikiza mdogo wangu."

"Anaondoka lini?"

"Aliondoka miaka minane iliyopita."

Mwari akaandika kwenye daftari. "Umechelewa kidogo," akasema.

Hapa inabidi niweke ndoto pembeni niseme ya kweli. Mdogo wangu anaitwa Ambakisye, kwa mkato Amba. Baba alipofariki nilimlea mimi, nikamfunza kupiga mswaki, kufua soksi na kudanganya kistaarabu. Kuzamia alijifunza mwenyewe, kule Matema, akiwakamata wale samaki wa urembo wa Ziwa Nyasa wanaokwenda kuishi kwenye matangi ya vioo sebuleni kwa watu. Kisha akapata kazi kisiwani huko Karibi, kuwaongoza watalii chini ya maji. Habari hiyo alimwambia mama kwanza, kisha jirani. Mimi aliniambia jioni ya mwisho, begi limeshafungwa.

Nikanuna. Nanuna vizuri, nina kipaji.

Asubuhi akasimama mlangoni na begi lake. Akasema, "Dada, hunisindikizi?"

Kwetu hata aliyepita kunywa chai husindikizwa mpaka darajani. Hata mtu ambaye nyumba nzima mnaomba aondoke, mnamsindikiza mpaka darajani, mkirudi ndipo mnamsema. Mimi sikuinua macho kwenye mashine. Nikamjibu, "Njia unaijua."

Tangu siku hiyo anampigia mama kila Jumapili. Wanaongea weee, na mwisho anauliza, "Na hao wengine hawajambo?" Hao wengine ni mimi. Niko mmoja.

Sasa turudi gatini. Mwari ananikagua.

"Sharti la kwanza la kuzamia," anasema, "hakuna kubana pumzi. Inua mkono."

Nikainua. Kwapani kulikuwa na pumzi moja, imeviringishwa kwenye gazeti kama maandazi.

"Hii nini?"

"Pumzi tu."

Akainusa. "Ya lini?"

"Ya siku nyingi."

"Mama, sikiliza. Pumzi ya namna hii ukipanda nayo juu itatanuka ikupasue kifua. Kushuka shuka nayo. Lakini kurudi, uiache huko huko." Akanirudishia, nikaibana tena. "La pili, hakuna anayezamia peke yake. Mwenza wako nani?"

"Yuko chini."

"Basi fanya haraka. La tatu, wakati wa kupanda usiyapite mapovu yako mwenyewe. La nne, zikibaki mita tano kufika juu, unasimama kituoni dakika tatu. Siyo mbili, siyo nne."

"Kituo kina benchi?"

"Lipo. Lina msumari upande wa kushoto."

Akanivisha mtungi wa hewa mgongoni na mapezi ya mpira miguuni, kisha akanikabidhi miwani ya kuzamia, kubwa, kongwe, yenye sura ya utu uzima.

"Shikamoo," nikaiambia.

"Marahaba. Nitemee mate."

"Sijafikia huko. Ndiyo kwanza tunaonana."

"Usiponitemea nitajaa ukungu. Na wewe ukungu kwenu umeuacha wa kutosha."

Ilisema kweli. Nikaitemea. Ikasema ahsante, ikanikumbatia usoni kwa nguvu kama shangazi aliyekukosa miaka.

Vazi la kuzamia la saizi yangu halikupatikana, hivyo nikazama na sweta. Halikuwa langu. Lilikuwa lile la kijani nililomfumia Amba wiki aliyokuwa akiondoka, kabla sijajua anakwenda wapi. Sweta zito, la shingo ndefu, kwa mtu aendaye nchi ya jua. Liko sandukuni mpaka leo. Lilivyolowa likanishusha taratibu, kazi ambayo wazamiaji wengine hufanyiwa na mkanda wa vipande vya risasi, ile metali nzito.

Juu yangu watalii wanaopumua kwa mirija wanaelea kifudifudi, migongo imeiva. Kando yangu samaki aina ya pono wanatafuna mawe, kwaru kwaru kwaru. Mmoja ananieleza kwa fahari kwamba mchanga wote ule mweupe umepitia tumboni mwao. Namwambia watu wanalipia ndege kuja kuulalia. Anasema ndiyo, na wengine wanaubeba kwenye chupa.

Nikafika kwenye tumbawe kubwa la mviringo lenye mikunjo kama ubongo.

"Usiniguse," likasema. "Nina miaka mia mbili na hamsini na ndiyo kwanza nimefikia kimo cha pipa. Ukinishika tu unanirudisha kwenye kimo cha stuli."

"Sikugusi, mzee. Namtafuta mdogo wangu."

"Yule anayesindikiza watu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nyoosha hivyo hivyo," likasema. "Yuko darajani."

Na kweli, mbele yangu kuna daraja letu. Lile lile la mbao, lenye ubao wa tatu uliovunjika, ila chini yake badala ya mto wanapita samaki wa njano. Juu ya daraja amesimama Amba. Ndevu zimemtoka, mabega yamepanuka. Nyuma yake watalii saba wamepanga mstari, kila mmoja ameshika pezi la mwenzake kama watoto wa chekechea. Anawahesabu.

"Sita, saba. Saba. Nilitoka na saba." Akageuka. Akaniona. Akatazama mapezi, akatazama sweta, akatazama uso.

"Hao wengine," akasema.

"Hao wengine hawajambo," nikajibu.

Tuliongea tu kama watu wa nchi kavu. Nani anauliza mambo hayo huko chini.

"Mama?"

"Yupo. Anakoroma."

"Bado?"

"Sasa ndiyo kwanza. Majirani wanadhani tumenunua jenereta."

Akacheka, mapovu yakamtoka pembeni ya mdomo, pembeni ile ile anayochekea tangu akiwa na meno manne. Nikaangalia kando. Watalii walikuwa wameyeyuka, maana ndoto haina haja ya watu wa kusimama bure.

"Kazi ikoje?" nikauliza.

"Kusindikiza, dada. Asubuhi nawasindikiza chini, mchana nawasindikiza juu. Kila siku. Juzi nikakaa nikawaza, hivi mimi mwenyewe nilisindikizwa na nani?"

"Na mvua," nikasema. Mdomo wangu huo, hata majini haupoi.

Hakucheka. Akanishika mkono akasoma saa ya mtungi wangu. "Hewa yako inaisha. Twende, nikusindikize."

Tukapanda polepole, nyuma ya mapovu. Kituo cha Mita Tano kipo kama mwari alivyosema: benchi linaning'inia majini, paa la bati juu yake, na saa ya ukutani isiyo na ukuta. Amba akakaa upande wa msumari, akaniachia mzuri. Sikuwa nimemwambia kuhusu msumari.

Dakika tatu si nyingi. Moja tuliimalizia kwenye habari za jirani aliyeoa, ya pili kwenye habari za jirani huyo alivyoachwa. Ya tatu tulibembeza miguu.

"Haya," akasema. "Mimi narudi."

"Nikusindikize."

"Dada, wewe ndiye msafiri."

"Hata kidogo tu."

Nikamsindikiza mpaka darajani. Kufika pale akakumbuka sharti la pili, kwamba hakuna anayekwenda peke yake, akanisindikiza mpaka kituoni. Tukakaa dakika tatu. Nikasema huwezi kushuka mwenyewe, nikamsindikiza darajani. Akanisindikiza kituoni. Mtungi wangu ulikuwa umekauka kitambo, nikawa napumulia mtungi wa Amba. Tulipokezana mpira mmoja wa kupumulia, yeye mara mbili, mimi mara mbili, kama tulivyokuwa tukipokezana kikombe kimoja cha chai wakati nyumba ilikuwa na kikombe kimoja.

Mara ya nne saa ikakohoa.

"Nyie watu," ikasema. "Nimefanya kazi hapa muda mrefu. Wanakuja Wajerumani, wanakuja Wabrazili, wanakaa dakika tatu wanakwenda zao. Nyie mna nini?"

"Tunasindikizana," Amba akasema.

"Mpaka lini?"

Na hapo kwapani kwangu ile pumzi ikaanza kutanuka. Gazeti likawa linalia chwa, chwa. Kifua kikanijaa.

"Dada, umebana nini?"

"Hakuna."

"Dada. Kupanda na kitu hicho ni kufa. Mimi ndiyo kazi yangu, najua."

Nikatazama mapezi yangu. Ni rahisi kusema na mapezi.

"Siku ile," nikasema, "nilitoka."

"Ukatoka wapi?"

"Nyumbani. Ulipokata kona nikahesabu mpaka mia, nione kama utarudi. Hukurudi. Nikatoka mbio. Nilifika mpaka darajani, Amba. Nikaona taa za nyuma za basi."

"Mpaka darajani?"

"Peku."

"Na mvua ile?"

"Na mvua ile."

"Mama hajawahi kuniambia."

"Mama hajui. Nilimwambia nilikwenda kuchota maji."

"Kwenye mvua?"

"Aliniangalia miguu tu. Hakuuliza."

Gazeti likafunguka. Pumzi ikatoka nzima, povu moja kubwa kama sufuria ya shughuli, linang'aa, likasimama mbele yetu kidogo kama mgeni anayetafuta viatu vyake, kisha likaanza kupanda. Kifua changu kikawa chepesi hata sweta likaning'inia.

Amba alilitazama likipanda dakika nzima, na tulikuwa nazo tatu tu.

"Basi ulinisindikiza," akasema.

"Nilichelewa."

"Ulifika darajani. Darajani ndipo watu wanapoishia."

Nikaifuta miwani kwa nje, kana kwamba ukungu ulikuwa upande huo.

"Dakika tatu," saa ikasema, kwa upole safari hii.

"Mimi nakaa hapa hapa nikutazame," Amba akasema. "Wewe panda. Usilipite povu lako. Namba yako bado ile ile?"

"Ile ile."

"Ukifika, nijulishe."

Nikapanda. Sikulipita. Povu mbele, mimi nyuma, na kila nikitazama chini namwona amekaa kwenye benchi upande ule ule mbaya, mapezi yanabembea kama alivyokuwa akibembeza miguu kwenye kigoda cha jikoni akingoja ugali uive. Akawa mdogo. Akawa mdogo zaidi. Nilikuwa nataka kurudi mara moja tu, nimwambie ahamie upande wa kulia. Povu likagusa juu, likapasuka, na juu kulikuwa ni blanketi langu.

Kulikuwa kumekucha. Mvua kazini. Mama amesimama mlangoni na kikombe.

"Ugonile, Tusekile," akanisalimu kwa lugha ya kwetu, akaniita jina. Kisha akainamisha kichwa. "Umelalia nini?"

"Nini?"

"Usoni. Kama umelalia mdomo wa sufuria."

Nikachukua kioo. Alama ilikuwa imezunguka uso, kutoka paji la uso, ikapita mashavuni, ikakatiza juu ya mdomo. Nikaisugua kwa kiganja. Ikabaki.

"Mto huo," nikasema.

"Mto wa duara," mama akasema. Akaniangalia miguu, kama siku ile. Hakuuliza. Akaweka chai akatoka.

Nikapapasa chini ya mto kutafuta simu nione saa ngapi. Kulikuwa na ujumbe mmoja, kutoka namba ndefu ya nje ambayo kwa miaka minane haijawahi kuniandikia mimi.

"Dada, mbona kimya? Umefika?"