Aliyembeba Mama

Mchoraji akikosa mtu wa kumchora hujichora mwenyewe, na Bienvenu alikuwa amejichora kwa miaka minane. Pita wilaya yote ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye kuta za zahanati na za ofisi, utakutana na mama anayenawa mikono, mkunga anayempima mjamzito, bibi anayepokea mgao wa mahindi. Watazame vizuri: wote wana taya la Bienvenu. Alipanga chumba kimoja Kakoba, mjini Mbarara, akaegemeza kioo kirefu ukutani. Kazi ikija, alijifunga kitenge, akashika jagi la maji, akajipiga picha kwa simu, kisha akachora mwili kwanza. Uso aliubadilisha mwisho kabisa.

Hakuwa na bosi wala likizo. Mashirika yalimkumbuka kipindupindu kikiingia, yakamsahau kikiisha, hivyo ugonjwa wa watu ndio uliokuwa mlo wake. Alipochoka kuchora mikono yenye povu la sabuni, akaanza kuchora maisha yake: kitabu cha katuni, picha na maneno machache, kuanzia bonde la Ruzizi, Kongo, hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Na hapo ndipo ule utaratibu wa kioo ulipomtia matatani.

Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa wa mto. Yaliyotokea mtoni yalijulikana na watu watatu tu duniani. Mama yake, Mama Fébronie, alikuwa amevunjika mguu kwa kuanguka usiku kijiji kiliposhambuliwa kwa risasi. Asubuhi, dada yake Bienvenu, Pascaline, msichana wa miaka kumi na tisa, alimbeba mama mgongoni akaingia naye majini. Bienvenu, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alikwisha kuvuka peke yake zamani, na mfuko wake wa shule kichwani. Alijificha kwenye matete ng'ambo ya pili akawatazama. Aliona maji yakimfika Pascaline kifuani. Alimwona akiteleza, akiinuka, akiteleza tena. Miguu yake ilikuwa mizima na hakurudi.

Basi siku ya kuchora ukurasa ule, alijifunga mfuko wa unga mgongoni, akainama mbele ya kioo, akachora kwa penseli. Uso uliokuwa kwenye karatasi ulikuwa wake, kama kawaida. Nywele za Pascaline, macho ya Pascaline, kitenge chake cha kijani, vyote vingekuja baadaye, kwa wino. Lakini mhariri wa Kampala, Ketty, alikuwa akimharakisha, basi Bienvenu akamtumia kurasa zote zikiwa bado za penseli.

Ketty alipiga simu siku ileile.

"Ukurasa wa thelathini na moja unaenda kwenye jalada," alisema. "Kijana anambeba mama yake mtoni. Bienvenu, nimelia."

Bienvenu alifungua kinywa aseme kwamba uso ule haujabadilishwa bado. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, hata mtoto angeimaliza. Akasema, "Sawa."

Baada ya hapo ilibidi kurasa nyingine zikubaliane na ule. Pascaline hakuweza kufutwa kabisa, kwa kuwa yumo mwanzoni na yumo mwishoni, basi alimpunguza. Alimsogeza nyuma, ukingoni mwa mto, ukubwa wa kidole gumba, ameshika sufuria. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bienvenu ilifika Kampala, ikafika Nairobi, na watu waliipigia makofi kote ilikopita.

Siku moja alikuja Sajini Twinomujuni kutoka kambi ya jeshi, anataka wanawe wachorwe. Kabla hata ya kukaa, alitoa kitabu kwenye mfuko wa koti.

"Wewe Bienvenu, mimi nasoma hii kitabu na bibi yangu Daphine, mama ya watoto," alisema. "Bibi nalia. Mimi naita watoto, naonyesha hii picha, nawaambia, mnaona? Hii ndiyo mwanaume. Yeye hapana wacha mama yake."

"Asante, afande."

"Lakini hiyo maji ilikuwa mingi. Wewe hapana ogopa?"

"Niliogopa," Bienvenu alisema huku akichonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha. Katika habari yote ya mto, hilo tu ndilo alilowahi kulisema bila kuongopa.

Wanawe sajini walipokwisha kuchorwa, hakuweza kushika kazi nyingine. Tangu kitabu kitoke ilikuwa imepita miezi mitano, naye hajakanyaga Nakivale. Nakala alizituma kwa watu, na kila Pascaline alipopiga simu kumsalimu, yeye alikuwa na haraka. Sasa aibu ilimzidi nguvu. Akapanda gari asubuhi, akateremka Base Camp, makao makuu ya kambi, akatembea hadi Kashojwa, kijiji cha kambini walikoishi mama na dada yake.

Alimkuta Mama Fébronie amekalishwa kwenye mkeka nje ya nyumba, mguu ule mbovu umenyooshwa, kitabu mapajani. Pascaline alikuwa pembeni yake akichambua maharage. Mama alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu tangu mwaka jana. Siku nyingine aliuliza marehemu mumewe yuko wapi, akajibiwa, akauliza tena.

"Ni nani?" mama aliuliza.

"Ni Bienvenu, mama," Pascaline akamjibu.

Uso wa mama ulichanuka. Alimvuta mwanawe mkono akamketisha, akaweka kidole kwenye jalada, juu ya yule kijana aliyeinama majini. "Mutoto wangu. Weye njo ulinibeba mu ile maji. Bengine balikimbia, weye ulinibeba."

Bienvenu alimtazama dada yake. Pascaline aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa, akaendelea.

Mama aliposinzia, Bienvenu alimfuata dada yake nyuma ya nyumba, alikokuwa akiinjika chungu. Aliona jinsi anavyoinama: goti kwanza, kisha mkono kiunoni. Mgongo wa Pascaline haukupona tangu siku ya mto.

"Yaya, mama amesahau?" alimwuliza dada yake mkubwa.

"Mbele alikuwa anajua," Pascaline alisema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Alikuwa ananiambia, Pascaline, mugongo yako njo ilinipa uzima. Kisha kitabu kikakuja. Batu ba kanisa banakuja kumusalimia, banasema, mama, uko na mutoto mwanaume wa nguvu. Mwezi ya kwanza alibakatalia, alisema, hapana, ni Pascaline. Mwezi ya pili akaanza kuniuliza miye. Sasa anajua tu ile iko mu kitabu."

"Na kitabu, nani anamwonyesha?"

"Ni miye. Anakiomba kila asubuyi. Kinamufurahisha."

Bienvenu alikaa chini kwenye vumbi. "Juu ya nini hukuniambia, yaya?"

"Nikuambie nini?" Pascaline alipuliza moto, akapangusa macho kwa moshi. "Weye ulikuwa ng'ambo. Nilikuona mu matete. Kitabu kilipofika, nilijitafuta mu ile ukurasa. Nikajiona fasi ya mbali, niko na sufuria."

Alikuwa amemwona. Miaka yote hiyo, akimpikia, akimfulia sare za shule, akiuza nyanya sokoni ili yeye apate karatasi za kuchorea, alijua. Bienvenu alijisikia mdogo kuliko yule wa ukubwa wa kidole gumba.

"Nitachora upya," alisema.

"Chora. Kalamu iko yako."

Alirudi Mbarara siku hiyohiyo akampigia Ketty. Alimweleza yote, na safari hii sentensi aliimaliza. Ketty akasema chapa ya pili inaingia mtamboni mwezi ujao, alete ukurasa, alete na jalada, na dibaji aiandike mwenyewe.

Bienvenu alikigeuza kioo kikatazama ukuta. Alichora siku nne kutoka kichwani, na hakuhitaji kujipiga picha wala kufunga mfuko wa unga, kwa maana hakuna kitu alichokitazama maishani mwake kwa muda mrefu kuliko kile. Alimchora Pascaline majini, meno yameumana, kitenge cha kijani kimemgandama. Juu, pembeni, ndani ya matete, alimchora mvulana mwenye mfuko wa shule. Uso wa mvulana hakuuficha.

Jumamosi aliupeleka ukurasa Kashojwa. Alimpa Pascaline kwanza. Pascaline alifuta mikono kwenye nguo, akaushika kwa ncha za vidole, akautazama kwa muda. "Njo vile," alikubali, akaurudisha. Bienvenu alipiga magoti mbele ya mkeka akauweka mapajani mwa mama.

Mama Fébronie aliinamisha kichwa. "Huyu mwanamuke ni nani?"

"Ni Pascaline, mama. Yeye njo alikubeba. Miye sikukubeba. Niliogopa, nikajificha mu matete. Niko huyu hapa."

Aliyasema kwa sauti, majirani wasikie. Mama alimtazama machoni, kisha akainua mkono akampapasa shavu.

"Usiseme vile," alimwambia kwa upole. "Mutoto muzuri hajisifu." Akamgeukia Pascaline kama anayemweleza mgeni. "Unaona? Njo vile iko tangu mudogo. Anafanya mema, sifa anapatia bengine."

"Mama, nisikilize—"

"Bienvenu," Pascaline alisema taratibu. "Acha."

Baadaye kidogo mama aliomba kupelekwa msalani. Bienvenu aliwahi kuinuka. Aliinama, akamshika mama chini ya makwapa kama anavyoshikwa mgonjwa kwenye mabango yake, akamvuta. Mguu mbovu ulijikunja vibaya, mama akalia. Bienvenu hakujua amshike wapi. Katika miaka yote ile hakuwa amemwinua hata mara moja.

Pascaline alimsogeza kando kwa bega. Alipiga goti moja, akageuza mgongo, mikono ya mama ikapita mabegani mwake bila kuambiwa. Akaguna, akasimama. Walikatiza uwanja hatua kwa hatua, mama amelaza shavu shingoni kwa binti yake na amefumba macho.

"Polepole, Bienvenu," mama alisema. "Maji ni mingi."

"Ndiyo, mama," Pascaline alijibu. "Tuko karibu kufika."