Nipunguzie Mbele

"Shemeji, umefanya nini?"

Mama Pacha aliganda mlangoni mwa karakana, mkono kinywani. Mezani ililala bunduki ya marisau aliyoirithi kutoka kwa marehemu baba yake, na sakafuni, kama mabaki ya bomba la maji, kipande cha mtutu.

Mdogo wa mumewe, fundi wa kuchomelea, aliweka msumeno wa chuma chini akitabasamu. "Si ulisema inakulemea mbele, nikupunguzie? Haya, sasa nyepesi kama mwiko."

Kweli alisema hivyo, neno kwa neno.

"Nilitaka uongeze chuma kwenye kitako, uzito uvutwe nyuma!"

"Ungesema niongeze. Mimi nasikia maneno, shemeji, sisikii mawazo."

"Hata suruali haikatwi kabla mwenyewe hajapimwa!"

Jumamosi hiyo kulikuwa na mashindano ya kulenga visahani vinavyorushwa hewani, nafasi yake ya mwisho kuingia timu. Aliikunja bunduki katikati kuhakikisha haina risasi, akaifunga, akailaza kidoleni pale penye bawaba, kama baba alivyomfundisha. Zamani ilitulia kama mizani. Sasa kitako kiliporomoka, mdomo ukatazama dari.

Akaiweka begani, akamfuata kwa mtutu nzi aliyetambaa ukutani. Mtutu mrefu ukishashika safari hauachi njia. Unakipita kisahani taratibu, bega likifuata tu. Huu mfupi uliruka, ukasita, ukaruka tena, kama kuku aliyekatwa kichwa.

Akampigia simu kocha wake, spika ikiwa wazi, akamweleza yaliyotokea, labda yupo wa kumwazima nyingine.

"Mtutu umebaki urefu gani?" kocha aliuliza.

"Kama kutoka kiwiko changu hadi vidoleni."

Sauti ya kocha ikashuka. "Mama Pacha, usitoke nayo hapo. Bunduki ya urefu huo ni ya kuficha kotini, si ya visahani. Ni kosa hata kuwa nayo. Ita polisi waifuate hukohuko."

 Mama Pacha akakaa juu ya ndoo. Shemeji, uso umemsawijika, aliokota kile kipande. "Nikikichomelea tena?"

"Ikinipasukia usoni, pacha utawalea wewe?"

Akawapigia polisi. Askari aliuliza silaha ni ya nani. Shemeji alikuwa amekumbatia kipande cha mtutu kifuani.

"Ya baba," Mama Pacha alitaka kusema, lakini baba hakuwepo tena.

"Yangu," alisema. "Na ni mimi niliyesema ipunguzwe."