Maji ya Kwanza ya Bati

Niliota usiku wa jana kwamba nimepanda juu ya bati la nyumba kubwa, nafagia. Hilo halikunishangaza. Kila mwaka mvua ikikaribia ni mimi ninayepanda. Tangu mume wangu Swalehe amwoe Mwajabu nimehamishiwa chumba cha uani, lakini kazi ya kufagia bati haikuhamishwa. Swalehe anasema Mwajabu ana kizunguzungu. Mimi changu sijui nilikiacha wapi.

Kutoka juu naiona bustani yangu. Bamia zimeinama, mchicha umegeuka njano. Hakuna kingine kinachonilisha. Ikifa, itabidi nikaombe mboga kwenye mlango nilioupaka rangi kwa mikono yangu.

Mara wingu likaja, dogo, likasimama ukingoni mwa paa.

"Hodi wenyewe."

"Karibu."

"Pamefagiwa? Mwaka jana nilinyesha hapa nikatoka na mavi ya njiwa. Wenzangu walinicheka."

Nikaliambia pamefagiwa. Likanyesha bila haraka, na maji yakapanga foleni ndani ya gata, mfereji wa ukingoni mwa bati, yakisubiri kushuka. Nilipotazama vizuri nikajikuta nami nimo kwenye foleni, wa kwanza kabisa. Nyuma yangu kasimama Mwajabu na kanga zake za harusi, zikiwa bado na mikunjo ya dukani.

"Wa kwanza pita kushoto," gata ikasema.

"Kushoto kuna nini?"

"Kunamwagwa. Ndiyo kanuni. Maji ya kwanza yanaosha bati, yanabeba vumbi na kutu. Yakishaosha, yanamwagwa. Ya pili yanakuta pasafi, hayo ndiyo tunayoyaweka tangini."

"Bila ya kwanza, ya pili yangepata wapi huo usafi?"

"Ndiyo maana tunayashukuru sana," gata ikasema. "Pita kushoto, mama, unazuia wenzio."

Mwajabu akaniamkia, "Shikamoo, dada," akapita kulia. Nikamwitikia. Adabu sikunyimwa hata ndotoni.

Bomba la kushoto halikuwa bomba. Lilikuwa sebule ya nyumba kubwa, siku ile Swalehe aliponiitia kikao. Wajomba zake wamekaa kwenye viti nilivyovichagua mimi, wanakunywa chai niliyoipika mimi.

"Mama Rukia," Swalehe anasema, "hakuna aliyekufukuza. Wewe ni mke wangu. Unasogea tu kidogo."

Anaposema kidogo, sakafu inanisogeza. Wajomba wanatikisa vichwa kukubali, wanasema kidogo tu, na sakafu inanisogeza tena. Nashika meza, meza inabaki, mimi nakwenda. Mjomba mkubwa ananyanyua miguu ili nipite vizuri. Nikatoka kwa mlango wa jikoni nikaangukia bustanini.

"Umekuja na nini?" bamia ikaniuliza.

"Vumbi, kutu, na mavi ya njiwa kidogo."

"Lete. Sisi hatuna kinyaa."

Ikanywa. Na mchicha ukanywa, na ile biringanya niliyokwisha kuikatia tamaa. Sijapokelewa hivyo mahali popote tangu niolewe, nikalia. Machozi nayo wakayanywa. Lakini nilifika mwisho wa tuta la kwanza tu, nikaisha.

"Hayatoshi," bamia ikasema. "Mengine yako kule."

Nikapanda tangini. Nilipoinua mfuniko nikamkuta Mwajabu ndani, maji yamemfika shingoni, uso ameubandika kwenye wavu wa mbu.

"Dada," akasema, "kumekucha?"

"Ni mchana huu."

"Huku hakujakucha tangu nilipoingia."

"Rudisha mfuniko," tangi likaniambia. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayefundisha. "Mwanga ukiingia, maji yanaota ukijani. Giza, mfuniko na wavu. Kitu kizuri kinatunzwa hivyo."

Mwajabu akaingiza vidole kwenye matundu ya wavu. "Nitoe, dada. Nikitoka, maji yote yanatoka na mimi. Bustani yako itashiba."

Bamia zikaniita kutoka chini, zote kwa pamoja. Kilichotakiwa ni kuutoa wavu tu. Wavu wenyewe niliufunga mimi, kwa kamba ya katani, najua fundo lilipo.

Nikamtazama. Kipini chake cha puani kilikuwa kinang'aa. Nikakumbuka alivyopita kulia bila kuuliza kushoto kuna nini. Chuki ikanipanda mpaka nikaisikia ladha yake mdomoni.

"Mimi hakuna aliyeniuliza kama kumekucha," nikamwambia, nikarudisha mfuniko.

Nikaamka.

Kulikuwa kukavu. Nilitoka nikatazama bustani, bamia zimelala chini, sasa haziinuki tena. Nilikuwa bado nimesimama kando yake Mwajabu alipotoka nyumba kubwa, akaja moja kwa moja mpaka kizingitini kwangu, akaketi. Hajawahi kuketi hapo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umelalia nini?"

Akajipapasa shavu. "Hata sijui. Panauma tu."

Kuanzia kipajini hadi kidevuni, uso wake ulikuwa na alama za vijimraba vidogo vidogo, vyekundu, vimejipanga sawasawa. Nilimwonea huruma, nikachukia kwamba nimemwonea huruma. Alikuwa ameuelekeza uso juani, amefumba macho. Ningeweza kumwambia abaki. Maneno yenyewe yalikuwa yamenifika kooni.

Swalehe akaita kutoka ndani, sauti ya usingizi, ya upole kabisa. "Mwajabu, njoo ufunge huu mlango. Mwanga unaingia."

Akanitazama. Mimi nikatazama bamia.

Akainuka, akakung'uta vumbi kwenye kanga, akaingia, akaufunga kwa ndani.