Vidole vya Mama Shuka

Ulikuwepo kwenye foleni ile, usikane. Mama Shuka alipoambiwa mashine ya alama za vidole haimtambui, uliinamia simu yako ukajifanya unasoma.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kuhakiki wastaafu. Asiyehakikiwa kabla ya saa tisa, kadi yake ya matibabu inafungwa. Kadi hiyo iliwabeba yeye na mumewe, fundi viatu, maana fundi viatu hana mwajiri wa kumstaafisha. Vidonge vya moyo vya mume huyo vilikuwa vimebaki viwili.

"Jaribu kidole kingine, bibi," alisema karani.

"Vyote kumi umevimaliza, mjukuu wangu. Nivue viatu?"

Watu walicheka. Fundi hakucheka. Alitoa mfukoni kopo la mafuta ya mgando, akaanza kumpaka mkewe kidole kimoja kimoja, taratibu, kama apakavyo rangi viatu vya bwana harusi. Ncha zilikuwa laini, hazina mstari hata mmoja. Miaka thelathini na mmoja vidole hivyo vilifua mashuka ya hospitali ya serikali, kwa maji ya moto na dawa ya madoa. Huenda nawe ulizaliwa juu ya shuka alilolifua yeye. Alama zake zilifulika humo, zikaenda na maji machafu. Aliyemwajiri sasa anamdai azionyeshe.

Mashine ikakataa tena.

"Twende nyumbani, mume wangu," alinong'ona. "Vidonge tutavikata nusunusu."

Tangu waoane, fundi hakuwahi kubishana na mtu wa ofisini. Hata sahihi aliitia kama anayeomba radhi. Lakini alivitazama vile vidole vinavyong'aa, akauonea haya woga wake wa miaka yote.

"Karani, mimi ni shahidi. Huyu yupo. Asubuhi amenigombeza kwa sababu ya soksi."

"Mzee, fomu haina sehemu ya shahidi."

"Basi ichore."

"Walio nyuma yenu wanasubiri."

"Nami nasubiri." Akaweka viganja juu ya kaunta.

"Umeanza ukaidi uzeeni?" mkewe akamuuliza, macho yakimcheka.

"Nilikuwa nakutunzia."

Sasa ni saa nane na nusu. Bado wamesimama dirisha la tatu, kidole chake kimoja kikiwa ndani ya kiganja cha mumewe. Weka simu mfukoni. Sogea mbele, useme: na mimi namfahamu. Karani anakutazama. Sema.