Tairi Lililolika Upande

Upande wa kulia, tairi la mbele la pikipiki ya Riasat lilikuwa bado na meno ya kukwaruza kiganja. Upande wa kushoto lilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobakia bafuni. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake, tumbo limenigusa magoti, uchungu umeshaanza, na Amma, mama mkwe wangu, akiniuliza natafuta nini kwenye gurudumu saa kama ile.

Nilikuwa namfikiria mtoto wangu wa kwanza.

Mume wangu alikuwa mpanda ukuta. Kwenye mela zetu za Punjab, zile sherehe za makaburi ya mawalii, husimamishwa kisima kikubwa cha mbao. Watu hupanda ngazi wakasimama ukingoni, na chini yao Riasat alizunguka na pikipiki juu ya ukuta uliosimama wima, mikono ameiachia, akipokonya noti walizomnyooshea. Wapanda ukuta huzunguka upande uleule, maisha yao yote, kwa hiyo tairi nalo hulika upande mmoja. Na wenyewe hulipenda hivyohivyo. Wanasema lililolika limeshazijua mbao, jipya huteleza, na kulibadilisha katikati ya msimu ni kujitafutia mkosi.

Mwaka uliotangulia, nikiwa na mimba ya miezi saba, alinipakia kunipeleka kwa mama yangu. Nilikaa tunavyokaa wanawake wa kwetu, kiubavu, miguu yote miwili kushoto. Njia nzima usukani ulikuwa ukivuta kushoto, nikimwona anavyoung'ang'ania. Tulipofika kwenye daraja la mfereji, njia inapokata kulia, pikipiki iligoma kulala upande huo ikate kona. Ikashika njia yake yenyewe, ikatuingiza kwenye matete. Mtoto tulimzika bila jina.

Amma alisema ndivyo ilivyoandikwa. Riasat alisema ni kokoto. Mimi moyo haukutulia, hadi siku moja nikiosha ile pikipiki mkono wangu ukapita juu ya lile tairi. Nikamwomba alibadilishe.

"Hilo ndilo linalonishikilia kule juu, Tasleem," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. Sikumsumbua tena. Kumbe na yeye alikuwa binadamu, na mimi sikuwa tayari kuzika wawili.

Sasa siku ilikuwa imewadia, tukiwa kambini kwenye mela. Njia kuu ya kwenda hospitali ilikuwa imefurika mahujaji, riksho haina pa kupita. Ilibaki pikipiki, na njia ya mfereji. Riasat alikuwa ameshawasha, Amma amenikunjia shuka juu ya kiti ili nikae kiubavu bila kuumia.

Nilikunja shalwar yangu, suruali yetu pana, nikapitisha mguu upande wa pili. Nikakaa kama mwanamume, mapaja huku na huku, mbele ya wakaanga jalebi, wapiga ngoma na nusu ya wanaume wa wilaya. Mtu akapiga mluzi.

"Shuka," Amma alisema. "Unatuvua nguo hadharani."

"Yule wa kwanza nilikaa kwa heshima zote, Amma, nikamzika. Huyu niachie."

Riasat hakugeuka. Aliuliza tu kwa sauti ya chini kama nimeshika vizuri, kisha tukaondoka.

Matete yalikuwa kushoto kwetu, na tairi liliyataka njia nzima. Kila uchungu uliponibana niliuma shati la mume wangu. Tulipoliona daraja nilimwambia akilala, nami ninalala. Akalala kulia, nikalala naye, nimebana magoti hadi yakatetemeka. Pikipiki ikakataa, ikakataa, halafu ghafla ikadondokea kulia kama mtu aliyekosa ngazi. Nikajua tumekwisha. Lakini safari hii uzito wangu haukuwa ukining'inia kushoto. Aliukamata usukani, tukayumba, na nilipofumbua macho mbao za daraja zilikuwa zikigonga chini yetu.

Shagufta alizaliwa kabla ya swala ya alasiri. Alilia kwa hasira, nami nikalia kuliko yeye.

Niliporudi kambini nikiwa nimembeba, pikipiki ilikuwa imeegemezwa kwenye kisima ikiwa na tairi jipya mbele, vile vinywele vyake vya mpira bado vimesimama. Riasat alikuwa anakaza nati. Wenzake walikuwa wamesusa hata kumpa spana, na mmoja alikuwa akisema waziwazi kwamba akianguka asitafutwe mchawi.

Onyesho lilipoanza nilipanda ngazi na mtoto kifuani. Riasat aliingia ukutani, lakini hakupanda juu. Alizunguka chinichini, mikono yote miwili kwenye usukani, polepole kadiri ukuta unavyoruhusu, na noti zilibaki zikipepea juu ya kichwa chake. Watu wakaanza kuzomea. Mmoja akapaza sauti kwamba ashuke, apande mkewe, maana yeye ndiye mwanamume. Ukingo mzima ukacheka. Nilimwona uso wake alipopita chini yangu. Alikuwa amesikia.

Hakuachia mikono.

Amma, ambaye tangu nirudi hakuwa amesema nami neno, alikuwa amekuja kusimama pembeni yangu, ncha ya mtandio ameiuma. Alinyoosha mikono, akanipokonya mtoto karibu kwa nguvu. Akamfunua uso, akamgeuza kuelekea ukutani.

"Baba yako yule," alimwambia. "Anayezomewa."