Ghala Ambalo Halijameza Mtu

Uvumi huo Teklia aliusikia kanisani, akaukataa, ukamfuata mpaka jikoni. Kampuni ya nafaka ilijenga maghala marefu ya mbao arobaini na mawili kando ya reli. Yamebomolewa thelathini na tisa, na kila moja lilikuwa limeshameza mtu. Matatu yaliyosalia bado yana njaa.

Moja lilikuwa hapo hapo kijijini, na bintiye Orysia alifanya kazi humo chini ya mjomba wake, Wasyl.

"Kaka, ngano ya chumba cha nne ililowa, imeganda juu. Usimpandishe mwanangu."

"Wewe ukiona kunguru ushachimba kaburi!" Wasyl alicheka. "Inagongwagongwa kwa ufito, basi. Marehemu baba si alifanya hivyo hivyo?"

Alhamisi mchana Teklia akawapelekea chakula. Alikuta kilango cha chini kiko wazi, ngano inamiminika behewani, na Orysia yuko ndani ya chumba cha nne, amesimama juu ya ngano iliyoganda, anagonga gamba lake kwa ufito. Chini ya gamba hilo ngano ilikuwa imeshatoka, pamebaki uwazi.

Gamba likapasuka kwa kishindo. Ukelele mmoja tu.

Teklia alikibamiza kilango. Wasyl alipanda mbio, akateremsha kamba, Orysia akaishika kwa mkono wa kulia, naye akavuta kwa nguvu zake zote. Bega la Orysia likachomoka, ngano haikumwachia. Ilimfika kidevuni, na kila alipotoa pumzi ilizidi kumbana.

"Mama, nakufa!" sauti ikapenya mbao.

Teklia akanyakua msumeno wa injini uliokuwa kando ya mlango. Wasyl akashuka, akamzuia kwa kifua.

"Una wazimu? Maghala haya ni ya mwisho! Ukikata ukuta, ghala litaanguka! Wazima moto wanakuja!"

"Wanatoka mjini, kaka. Saa nzima! Toka!"

"Sitoki."

Teklia akaokota mtaimbo, akampiga nao usoni. Meno mawili yakaruka, damu ikatapakaa mbao. Wasyl akaanguka, akamshika mguu dadake. Teklia akamkanyaga vidole mpaka vikaachia. Akapanda ngazi, akakata ukuta pande mbili, usawa wa kiuno cha mwanawe. Ngano ikafoka, ikamfunika Wasyl miguu.

Orysia alitolewa hai, mbavu tatu zimevunjika. Mkono wa kulia haunyanyuki hadi leo. Ghala halikuanguka. Kando ya tundu Teklia amegongomea karatasi:

Usikanyage ngano iliyoganda.
Usifungue kilango cha chini mtu akiwa ndani.
Usiingie bila mshipi wenye kamba iliyofungwa juu.
Usimvute kwa kamba aliyezama kupita magoti.
Usiseme baba alifanya hivyo hivyo.
Usiombe ruhusa ya kukata ukuta.